Mjadala: Super Bowl ilindwe kwa sheria ibaki bure hewani, au NFL iachwe iuze inapotaka?

Kipenga (mleta mada)

Wakuu, Machi 2021 NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani ambayo fainali yake ni Super Bowl, ilitangaza mikataba ya miaka 11, kuanzia msimu wa 2023 hadi 2033, yenye thamani inayozidi dola bilioni 100. Super Bowl inazunguka kwa zamu kati ya kampuni za televisheni: CBS Februari 2024, Fox 2025, NBC 2026, ABC na ESPN 2027, kisha zamu inarudi CBS. Wote hao wana kituo cha hewani ambacho Mmarekani mwenye antena anakipata bila kulipa senti. Hata zamu ya ESPN, ambayo ni chaneli ya kulipia, ABC ndiyo inayoibeba hewani.

Shida ni kwamba ligi imejiwekea haki ya kujitoa kwenye sehemu kubwa ya mikataba hiyo baada ya msimu wa 2029, na nje ya mlango wamesimama Amazon, Netflix na YouTube na fedha zao. Januari 13, 2024 mechi ya mchujo kati ya Chiefs na Dolphins ilirushwa Peacock peke yake, huduma ya kulipia ya NBC kwenye intaneti. Ukiwa Kansas City au Miami, miji ya timu hizo, uliipata kwenye kituo cha mji wako. Nje ya hapo, hukulipa, hukuona. Watu walilalamika sana, na bado watazamaji walifika wastani wa milioni 23. Ligi imeshapima maji.

Msimamo wangu: Bunge la Marekani litunge sheria kwamba fainali hii lazima ipatikane hewani bila malipo. Karibuni.

Bibi Hesabu

Naomba kutofautiana nawe, Kipenga. Unataka sheria izuie jambo ambalo hesabu zenyewe zinalizuia.

Super Bowl LIX, Februari 9, 2025, Eagles 40 Chiefs 22, ilitangazwa kuwa na wastani wa watazamaji milioni 127.7. Tangazo la sekunde 30 lilifika dola milioni 8. Mwaka 1967, fainali ya kwanza, NBC waliuza dakika nzima kwa dola 75,000 na bado ilionekana ghali. Bei hiyo haitoki kwa mashabiki wa mpira. Inatoka kwa yule ambaye hajui hata sheria za mchezo lakini yuko sebuleni kwa shemeji yake anakula mabawa ya kuku. Mwambie afungue akaunti na kuweka namba ya kadi, anaondoka. Akiondoka, dola milioni 8 zinashuka, na ligi inajua.

Peacock waliripotiwa kulipa takriban dola milioni 110 kwa ile mechi moja ya mchujo. Huko ndiko biashara ya kulipia ilipo, kwenye mechi za pembezoni, ambako shabiki sugu analipa na mtu wa kawaida hata hajui kama imechezwa.

Kipenga

Bibi, hizo milioni 127.7 zisome kwa tahadhari. Mwezi huohuo Nielsen, kampuni inayohesabu watazamaji wa televisheni, walipanua upimaji wa wanaotazama nje ya nyumba, kwenye baa na hoteli, hadi majimbo yote 48 ya bara. Kwa hiyo kuilinganisha na 123.7 ya mwaka 2024 ni kulinganisha mizani mbili. Halafu milioni 13.6 kati yao walitazama kupitia Tubi, huduma ya bure ya Fox kwenye intaneti. Njia ya intaneti inakua, tena haraka.

Sheria Mkononi

Mnabishana kama vile hakuna sheria. Ipo, ila ni ya zamani na imelegea.

Mwaka 1961 mahakama ilizuia mkataba wa NFL na CBS, kwa sababu timu kuungana na kuuza haki zao kwa pamoja kulivunja sheria za ushindani. Ligi ikakimbilia Bunge, na Septemba 30 mwaka huohuo Rais Kennedy akasaini sheria inayoziruhusu ligi kuuza kwa mkupuo. Lakini msamaha ule unahusu matangazo yanayolipiwa na wadhamini, na mahakama zimeutafsiri kuwa ni televisheni ya bure hewani. Kebo, setilaiti na huduma za kulipia hazimo.

Mkitaka kuona athari yake, tazameni kesi ya Sunday Ticket, kile kifurushi cha mechi za Jumapili za nje ya eneo lako. Juni 2024 baraza la wazee wa mahakama Los Angeles liliwapa wateja fidia ya zaidi ya dola bilioni 4.6. Agosti jaji akaifuta, akisema ushahidi wa wataalamu kuhusu hesabu ya hasara haukustahili kukubaliwa. Hakusema ligi ina haki ya kuuza kwa pamoja kwenye njia za kulipia. Swali hilo bado liko wazi.

Kwa hiyo Super Bowl ikienda kwenye huduma ya kulipia, ligi inatoka chini ya mwavuli wa 1961. Mawakili wake watajibu kwamba fainali huandaliwa na ligi yenyewe, si mali ya timu mbili zinazocheza, kwa hiyo hakuna haki za timu zilizounganishwa. Hoja hiyo ina uzito. Ila Super Bowl haiuzwi peke yake, imo ndani ya kifurushi cha msimu mzima, na humo ndimo mlalamikaji atakapoingilia.

Na msidhani "bure kwa wote" ni desturi ya tangu enzi. Ligi ilikuwa inazima matangazo katika mji mwenyeji ili watu wanunue tiketi, fainali ikiwemo. Super Bowl VII, Januari 14, 1973, Los Angeles, ndiyo ya kwanza kuoneshwa mubashara katika mji ilikochezwa. Septemba mwaka huo Bunge likapitisha sheria: tiketi zikiisha saa 72 kabla ya mechi, hakuna kuzima. Sheria hiyo ilikuwa ya muda, ikakoma mwisho wa 1975, lakini ligi iliendelea kuifuata kanuni yake hadi ilipositisha uzimaji mwaka 2015. Bibi anasema soko linatosha. Mwaka 1973 soko halikutosha.

Bibi Hesabu

Mwaka 1973 mapato ya tiketi yalikuwa na maana kwa timu. Leo fedha za televisheni zimeyaacha mbali sana. Usinichukulie mfano wa dunia nyingine, mkuu.

Fundi Mawimbi

Mambo ya mahakama nawaachia. Mimi nataka tuangalie safari ya picha kutoka kamera hadi kwenye runinga, kwa sababu hapo wengi wanapiga chenga.

Mnara unarusha ishara moja ndani ya chaneli ya megahezi 6, megabiti 19.39 kwa sekunde. Wakitazama watu kumi au milioni mbili, kwa mnara ni kazi ileile. Kwenye intaneti kila runinga inaomba nakala yake. Chukulia skrini milioni 40, kila moja megabiti 6 kwa sekunde: ni terabiti 240 kwa sekunde, na karibu zote zinaingia ndani ya dakika chache kabla ya mpira wa kwanza kupigwa. Tena mara nyingi video siyo inayoanguka kwanza. Zinaanguka seva za kuingilia akaunti, seva zinazotoa funguo za kufungua video iliyofungwa, na mfumo wa kuchomeka matangazo ya biashara, ambao vifaa vyote huuita kwa wakati mmoja kila mchezo unaposimama.

Novemba 15, 2024, pambano la Tyson na Jake Paul, Netflix walisema walifika mitiririko milioni 65 kwa wakati mmoja, na kwa wengi picha ilikwama au ikawa ukungu. Krismasi ya mwaka huo walirusha mechi mbili za NFL bila balaa, lakini kila moja ilikuwa na watazamaji takriban milioni 24 nchini Marekani. Super Bowl ni mara tano ya hapo.

Kuchelewa nako. Video ya intaneti hukatwa vipande, kwa kawaida vya sekunde 6, na programu ya kutazamia hutaka kama vipande vitatu mkononi kabla ya kuanza. Hapo umeshapoteza sekunde 18. Ongeza muda wa kuisimba kwa viwango tofauti vya ubora na kuisambaza, unajikuta nusu dakika hadi dakika nzima nyuma ya uwanja. Mwenye antena yuko nyuma kwa sekunde chache tu. Unaweza kukata vipande vidogo zaidi, ila akiba inapungua, na mtandao wa nyumbani ukiyumba kidogo picha inaganda. Anayebeti mubashara huku akitazama kwa intaneti anacheza kamari na watu walioshajua matokeo.

Pasi Ndefu

Fundi, usiipambe antena kana kwamba haina kasoro. Super Bowl LII, Februari 2018, NBC walitoka hewani karibu nusu dakika, skrini nyeusi tii nchi nzima, kwa hitilafu ya kifaa. Bahati yao ilikuwa wakati wa matangazo ya biashara. Na ubora? Fox na ABC wanarusha picha ya mistari 720, CBS na NBC 1080 inayorushwa nusu kwa nusu kwa zamu. Tubi 2025 ilikuwa 4K, yaani mistari 2160.

Fundi Mawimbi

Hiyo 4K ya Fox ilipigwa kwa mistari 1080 yenye rangi pana, kisha ikakuzwa. Inapendeza, sikatai, hasa kwa rangi na mwanga, lakini kamera hazikutoa 4K kamili.

Antena ina matatizo yake na yanatibika. Wengi hununua ile bapa ya ndani, dola 20 hadi 40, wanaibandika nyuma ya runinga, halafu wanalaumu kituo. Vituo vingi viko kwenye masafa ya UHF, chaneli 14 hadi 36, na antena bapa inavikamata. Lakini vipo vilivyobaki VHF ya juu, chaneli 7 hadi 13, na hapo antena bapa hupwaya. Unahitaji yenye mikono mirefu. Namba inayoonekana kwenye skrini isikudanganye: kituo kinachojiita 5 kinaweza kuwa kinarusha kwenye chaneli 25. Angalia ramani ya mapokezi ya FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, uone masafa halisi na mnara uko upande gani, weka antena dirishani upande huo, kisha changanua chaneli upya. Kipaza ishara kiwe cha mwisho. Ukiwa karibu na mnara kinazidiwa na kukuharibia hata ulichokuwa nacho.

Fanya hayo wiki moja kabla, usingoje Jumapili jioni. Ishara ya dijiti haififii polepole kama analogi ya zamani. Ikishuka chini ya kiwango fulani picha inavunjika miraba na kupotea kabisa.

Saa Nane Usiku

Wenzetu wa huko mnalilia bure, sisi huku Dar mpira unaanza saa nane na nusu usiku wa kuamkia Jumatatu, na kwa miaka ya karibuni tumeupata kwa ESPN ndani ya king'amuzi cha DStv. Wa kulipia tangu mwanzo. Hata yale matangazo ya biashara mnayoyasifu hatuyaoni, tunawekewa mengine. Sheria yenu itatugusa vipi?

Sheria Mkononi

Haitawagusa, ndugu. Haki za nje zinauzwa nchi kwa nchi. Uingereza wana orodha ya matukio chini ya sheria ya utangazaji ya 1996: fainali ya Kombe la Dunia, fainali ya Kombe la FA, Olimpiki. Lazima yapatikane kwa watangazaji wa bure kwa masharti ya haki. Na tukio likitoka kwenye kundi la kwanza la orodha, mlango unafunguka: mechi za kimataifa za kriketi ziitwazo Test, zinazochezwa nyumbani, zilishushwa daraja mwaka 1998, na kuanzia 2006 zikaenda Sky, ambayo ni ya kulipia.

Kaskazini

Kutoka Toronto: kuweni makini na chombo mtakachokipa kazi hiyo. Hapa kampuni za kebo huondoa ishara ya kituo cha Marekani na kuweka ya CTV, kituo cha Kanada, pamoja na matangazo ya biashara ya Kanada. Mamlaka ya utangazaji, CRTC, ikaamuru kuanzia Super Bowl ya 2017 ubadilishaji huo usifanyike, ili Wakanada waone matangazo ya Kimarekani. Bell, wamiliki wa CTV, na NFL wakaenda mahakamani, na Desemba 19, 2019 Mahakama ya Juu ikasema CRTC imevuka mamlaka yake, kwa sababu kifungu ilichokitegemea hakiiruhusu kutoa amri kwa ajili ya kipindi kimoja. Sheria isiyotaja mamlaka waziwazi ni kupoteza muda.

Sheria Mkononi

Marekani yamewahi kutokea hayohayo. FCC ilikuwa na kanuni za kuzuia kebo ya kulipia isinyakue michezo mikubwa kutoka hewani. Mwaka 1977 mahakama ya rufaa ya Washington, katika kesi ya HBO, chaneli ya kulipia, ilizifuta, ikagusia hata uhuru wa kujieleza. Kwa hiyo siungi mkono amri ya moja kwa moja. Njia iliyo salama zaidi ni kuufunga msamaha wa 1961: ligi ikitaka kuendelea kuuza kwa pamoja, fainali ibaki hewani. Hapo hulazimishwi, unalipia fadhila uliyopewa.

Bibi Hesabu

Hiyo angalau ni hoja ya biashara, naielewa. Lakini andikeni vizuri "bure" ni nini. Tubi 2025 haikumtoza mtu. Septemba 2025 YouTube walirusha Chiefs na Chargers kutoka São Paulo bila malipo. Je, hiyo inatimiza sharti lenu, au lazima kuwe na mnara?

Kipenga

Lazima kuwe na mnara. Asiyelipia Tubi bado analipia intaneti kila mwezi, na nyumba isiyo na mtandao wa maana vijijini Montana haimo. Halafu kuna vituo vya miji. Fox au CBS wa mji wako huuza nafasi chache za matangazo za hapo mjini ndani ya Super Bowl, na hudai ada kwa kampuni za kebo kwa sababu wana mechi kama hizi. Waondolee, na taarifa ya habari ya saa kumi na mbili jioni inakosa wa kuilipia.

Bibi Hesabu

Basi tuseme ukweli kwamba mnalinda vituo, si mtazamaji. Hizo ada ndizo zinazosababisha migogoro na chaneli kuzimwa. Mwaka 2025, kuanzia Oktoba 30 hadi Novemba 14, wateja wa YouTube TV, kifurushi cha kulipia cha chaneli, waliikosa ABC na ESPN kwa sababu Disney, mwenye chaneli hizo, na Google, mwenye YouTube, walishindwana bei.

Fundi Mawimbi

Na katika siku hizo zote, ABC ilikuwa hewani kama kawaida kwa mwenye antena ya dola 30.

Bibi Hesabu

ABC, ndiyo. ESPN haina mnara popote. Na sharti la Sheria Mkononi linagusa fainali peke yake. Mkilifunga hivyo, mtaona nusu fainali zikihama kabla ya 2033.