Mjadala: Mbio za Nyanda za Juu Kusini zizuie viatu vya bamba la kaboni?

Mleta mada, Uyole

Wakuu, habari za majukumu. Kwenye makundi ya joging hapa Mbeya kuna hoja inazunguka: mbio zote za barabarani zenye zawadi ya fedha, kuanzia Iringa hadi Tunduma, zizuie viatu vyenye bamba la kaboni. Wanaoitetea wanasema kijana aliyetoka Igawilo na raba ya mtumba hatendewi haki akipangwa mstari mmoja na mtu aliyevaa kiatu cha laki saba. Mimi naipinga, ila siipuuzi, ndiyo maana nimeileta hadharani.

Kwa wasiofuatilia: mwaka 2017 Nike walitoa Vaporfly 4%. Sponji nene lakini nyepesi, inayorudisha nguvu ukikanyaga, na katikati yake bamba gumu lililopinda. Hiyo 4% ilitoka maabara ya Chuo Kikuu cha Colorado huko Boulder, ambako wakimbiaji walipimwa wakaonekana kutumia nguvu pungufu kwa wastani wa asilimia 4 kuliko walipovaa viatu vya mbio vya wakati ule. Oktoba 2019 Eliud Kipchoge akamaliza kilomita 42.195 kwa 1:59:40 pale Vienna, mguuni ana toleo jipya la ukoo huohuo ambalo madukani lilikuwa bado. Kelele zikawa nyingi. Januari 2020 Shirikisho la Riadha la Dunia likaweka mpaka: soli ya kiatu cha barabarani isizidi milimita 40, na bamba lisizidi moja. Lilidhibiti, halikuzuia.

Sasa sisi tunataka kuzuia. Kwanza, bamba limezikwa ndani ya sponji, halionekani. Nani atasimama mstari wa kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, na baridi yetu ile ya Juni, anapinda kiatu cha kila mtu? Pili, na hili wengi hawalijui, kuna watafiti waliolikata bamba la Vaporfly vipande ili lipoteze ugumu wake, wakapima upya, na matumizi ya nguvu hayakubadilika kiasi cha maana. Kazi kubwa inafanywa na sponji. Ukizuia bamba, mwenye hela ataagiza kiatu chenye sponji ileile kisicho na bamba, na kijana wa Igawilo atabaki palepale.

Halafu kinachomwangusha huyo kijana si kiatu cha siku ya mbio. Ni kile anachokanyagia lami kila siku miezi mingi kabla. Sponji imekufa, ugoko unauma, anapumzika, anarudi, unauma tena, msimu umeisha. Pendekezo langu: sehemu ya ada ya usajili ya kila mbio inunue viatu vya mazoezi kwa klabu za vijana, badala ya kuimalizia kwenye fulana. (Fulana za mbio sasa hivi Mbeya nzima tunalimia.)

Mdau, Iringa

Mkuu, umeandika vizuri ila umeikimbia hesabu. Chukua kijana wa nusu marathoni ya dakika 70. Asilimia 4 ya nguvu haiwi asilimia 4 ya muda, nakubali. Tuseme amepata asilimia 2 tu. Hizo ni sekunde 84. Kwenye mbio zetu za mkoa sekunde 84 zinamtenganisha mwenye bahasha na anayeomba lifti ya kurudi Mafinga.

Septemba 2025 pale Tokyo, Alphonce Simbu alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni kwa kumzidi Mjerumani Amanal Petros sekunde 0.03. Wote wameandikiwa 2:09:48. Sote tulishangilia, na hakuna aliyelalamikia kiatu, kwa sababu ngazi ile wakimbiaji wanapewa viatu na makampuni. Huku kwetu wanauziwa. Sheria iliyotungwa kwa watu wanaopewa huwezi kuileta kama ilivyo kwa watu wanaojinunulia, ukasema haki imetendeka.

Ukaguzi si mgumu kama unavyoupamba. Kagua kumi wa kwanza wanaume na kumi wa kwanza wanawake, baada ya kumaliza na kabla ya kugawa zawadi. Orodha ya viatu vilivyoidhinishwa Shirikisho la Dunia linaitoa, mtu yeyote anaweza kuisoma kwenye simu. Na wasije wakaniambia milima inasawazisha. Ni kweli vipimo vimeonyesha faida inapungua ukipandisha, lakini haiishi. Panda kutoka Ipogolo hadi mjini na kiatu cha kawaida, pembeni yako mtu wa bamba, ndipo uniambie.

Muuza raba, Mwanjelwa

Nawasalimu wote. Kaka zangu, mnaongea kana kwamba viatu vya bamba vinavaliwa na wenye magari tu. Mimi nafungua belo za viatu. Vya bamba vinaingia, si vingi, lakini vinaingia, kwa sababu huko vinakotoka mwenyewe anavikimbilia mbio chache anaviacha. Sasa niulizeni anayevitafuta ni nani. Ni vijana wa mazoezi. Wanaacha namba ya simu, wanasema "mama, kikitokea usimpe mtu," wanalipa kidogo kidogo hadi deni linaisha. Mabosi wa joging ya Jumamosi hawanunui kwangu, wanaagiza. Mkizuia leo, bosi atavaa pea yake nyingine. Mtakayemvua ni huyohuyo mnayesema mnamtetea.

Ila na mimi nitoe siri za biashara, wenzangu wa sokoni watanisamehe. Raba kung'aa si kitu, tunaziosha na tunazipaka rangi. Bonyeza sponji ya pembeni kwa kidole gumba: ikiwa ngumu kama ubao, au imejaa mikunjo ya kulala, umri wake umekwisha hata kama juu inameta. Iweke mezani uitazame kwa nyuma. Ikilalia upande mmoja iache, hiyo imeshafuata mguu wa mwenyewe. Fungua ulimi usome lebo, nyingi zina tarehe ya kutengenezwa. Soli za poliurethani zikikaa miaka stoo zinaozeshwa na unyevunyevu: unanunua asubuhi ikiwa nzima, unarudi jioni soli imekatika vipande, unakuja kunitukana. Na njooni mchana au jioni, mguu ukiwa umeshatanuka, muache nafasi ya upana wa kidole gumba mbele. Kijana akishuka mlima na kiatu kinachombana, kucha zinakuwa nyeusi zote.

Mchangiaji, Tunduma

Abebe Bikila alishinda marathoni ya Olimpiki Roma 1960 pekupeku, 2:15:16. Viatu ni kisingizio cha watu wasiotaka mazoezi. Nimemaliza.

Mwalimu wa michezo, Rungwe

Kaka wa Tunduma hujamaliza. Bikila huyohuyo alikwenda Tokyo 1964, akavaa viatu, akashinda tena, 2:12:11. Ukimtaja, mtaje wote.

Shikamooni wakubwa zangu. Nyinyi mnagombania bamba, mimi nina watoto wa UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi. Wengi wanakimbia pekupeku na kwenye uwanja wa majani sina tatizo nao, miguu yao imekomaa tangu wanaanza kutembea, na wanakanyaga kwa mbele vizuri kuliko watu wazima wengi ninaowaona barabarani wakigonga kisigino. Tatizo linaanza mashindano yakikaribia. Mfadhili anatokea, analeta raba nene siku mbili kabla ya kwenda mkoani, picha zinapigwa. Mtoto ambaye hajawahi kuvaa soli anavalishwa soli, anakimbia navyo fainali, anamaliza na malengelenge. Au raba moja inavaliwa na watatu kwa zamu, yenye namba kubwa inajazwa karatasi.

Mvua za Tukuyu mnazijua. Kuanzia Novemba njia zetu ni utelezi mtupu hadi Mei. Kwa hiyo mkiniuliza kiatu gani, nitasema cha bei ndogo, soli ya chini chenye meno, kifike Januari na si Juni. Na wazazi waambiwe wasikaushe raba juu ya jiko la mkaa. Gundi inaachia. Jaza gazeti ndani, weka kivulini.

Hoja ya mleta mada kuhusu ada ya usajili naiunga mkono, kwa sharti kwamba viatu hivyo vifike shuleni na visiishie ofisini kwa mtu.

Mkimbiaji, Njombe

Mimi ndiye mnayemzungumzia: mwanamke, nakimbia nusu marathoni, ninavyo vya bamba, na nilivinunua mtumba. Navitumia siku ya mbio na mazoezi machache ya kasi kabla yake. Siku nyingine zote navaa raba za kawaida, pea mbili kwa kupokezana. Hilo la kupokezana si anasa. Watafiti wa Luxembourg walifuatilia wakimbiaji 264 kwa wiki 22, na waliobadilisha viatu walikuwa na hatari ya kuumia pungufu kwa asilimia 39. Nadhani ni kwa sababu kila kiatu kinauchosha mguu mahali tofauti. Kuna dada tunafanya naye mazoezi yeye anavaa vya bamba kila siku, mpaka sokoni, na vigimbi vyake havikosi kuuma. Madaktari wa michezo wameshaandika pia kuhusu wakimbiaji kadhaa waliopata nyufa za mfupa katikati ya unyayo wakiwa na viatu hivyo.

Kaka wa Iringa, ile asilimia 4 ni wastani. Wakenya wa kiwango cha dunia walipopimwa, wengine walipata faida kubwa sana na wengine walitumia nguvu nyingi zaidi kuliko kwenye kiatu chembamba cha kawaida. Na kadiri mtu anavyokimbia polepole, ndivyo faida inavyopungua. Yule bosi anayemaliza nusu marathoni kwa saa mbili na nusu, anayekutia hasira, hapati kitu kikubwa zaidi ya picha nzuri.

Kwa anayenunua raba ya mazoezi ya kila siku, asidanganywe na maneno ya "mguu wako umelala ndani, chukua hiki cha kuunyoosha." Jeshi la Marekani liliwagawia askari viatu kwa kutazama umbo la unyayo, likalinganisha na waliopewa aina moja wote, na majeraha hayakupungua. Vaa, zunguka, kimbia hapohapo nje ya fremu. Kile ambacho mguu haukilalamikii ndicho chako. Ukishazidisha kilomita 500, anza kukiangalia kwa mashaka. Wengi hufika 800, kwenye changarawe zetu pungufu.

Mdau, Iringa

Mama wa Mwanjelwa amenigusa, sifichi. Sikufikiria kwamba bamba lina soko la mtumba. Lakini hilo halifuti hoja yangu, linaisogeza tu. Kijana anayelipa kidogo kidogo hadi deni liishe, kwa kiatu kilichokwisha kutumika Ulaya, bado anashindana na mwenye kipya. Na vya kifahari zaidi vinakuja. Adidas walitoa Adios Pro Evo 1 mwaka 2023, gramu 138, dola 500, Tigst Assefa akavunja nacho rekodi ya dunia Berlin kwa 2:11:53, na wenyewe wakasema kimetengenezwa kwa marathoni moja tu. Marathoni moja! Tukikaa kimya, miaka mitano ijayo zawadi za mbio za hapa Iringa zitakwenda kwa mwenye mfuko.

Basi nipunguze. Tusizuie. Tuweke zawadi ya pili kwa wa kwanza asiye na bamba, mwanaume na mwanamke.

Mleta mada, Uyole

Hapo umenisogelea, ila bado umelishika bamba wakati mimi nimesema sponji. Zawadi hiyo itachukuliwa na mtu mwenye soli ya milimita 39 ya sponji bora isiyo na bamba, na utaipigia makofi kwa sababu sheria imefuatwa. Kama lazima tupime kitu, tupime unene wa kisigino. Venia kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, kila gereji ya Mafiati inayo. Soli ya milimita 30 kushuka, daraja lake, zawadi yake. Na ile asilimia ya ada ibaki palepale, mwalimu wa Rungwe awe kwenye kamati ya kugawa.

Mdau, Iringa

Milimita 30 raba nyingi za kawaida za mazoezi zinazidi. Utamwondoa hata mwenye raba nene ya mtumba.

Mkimbiaji, Njombe

Kweli kabisa, za kwangu zote mbili zinazidi.

Mleta mada, Uyole

Basi mpaka wa milimita tuuache kwanza. Ada ya usajili je, kuna anayeipinga?

Mchangiaji, Tunduma

Mimi. Ada imeshapanda vya kutosha.

Muuza raba, Mwanjelwa

Haihitaji kupanda, toeni fulana. Na mkianza kuagiza, anzeni na za kike namba 36 hadi 39. Belo zinakuja zimejaa 43 na 44 za wanaume, wasichana wa mazoezi wanarudi mikono mitupu kila wiki.