Boti inapandaje kilima? Safari ya mfereji Uingereza

Mwana Masese (Jinja)
Habari zenu wakubwa. Dada yangu yuko Birmingham, mwezi wa tano ananipeleka wiki nzima kwenye mfereji. Boti tunachukulia Worcester, tunalala humohumo. Mimi mtu wa ziwa, injini za mitumbwi nazifungua tangu niko shule. Ila anasema boti itapanda kilima cha Tardebigge. Boti, kilima! Na leseni hawaulizi. Nani amewahi?

Baba Zai (Entebbe)
Mimi, mwaka juzi na shemeji yangu, na mgongo bado haujasahau. Tardebigge ni malango 30 yanayofuatana, kila moja ni chumba cha maji chenye milango mbele na nyuma, kilomita tatu na nusu hivi, unapanda kama mita 67. Unaingiza boti kwenye chumba cha matofali, mnafunga nyuma, mwenzako anazungusha hendeli ya chuma, maji ya juu yanaingia na boti inainuka polepole. Pampu hakuna, umeme hakuna. Halafu lango unalisukuma kwa makalio, maana mikono haitoshi. Umemaliza? Lile pale lingine. Sisi tulianza na chai ya asubuhi, tukafika juu saa kumi jioni.

Habari za injini sahau. Mwisho kilomita 6 na kidogo kwa saa, na ukikuta boti zimefungwa kando unapunguza tena. Bata walitupita. Ila usukani utaupenda: ni wa mkono, nyuma, kama wa mtumbwi wako. Ukisukuma kushoto, boti inakwenda kulia. Wageni wengi hapo wanagonga ukuta.

Mkirudi mnashuka, na hapo acha mzaha. Chini ya lango la nyuma yako kuna kizingiti. Maji yakipungua boti imekalia kizingiti, nyuma inabaki juu, mbele inazama. Kando kuna mstari mweupe. Nyuma ya boti ikae mbele ya huo mstari. Mimi nilikuwa ndani nachemsha chai, nikasikia birika linateleza. Shemeji akawahi kufunga maji.

Nalubega
Mzee, na choo?

Baba Zai
Kipo, binti yangu. Kina tenki. Usiniulize zaidi, watu wanakula.

Mwana Masese
Asante mzee. Lakini malango 30, na dada mwenyewe anaumwa goti… Kumbe sikualikwa matembezi, nimeitwa kibarua.

Baba Zai
Malango 58, mdogo wangu, Worcester mpaka Birmingham. Hayo 30 ni ya Tardebigge peke yake. Beba glovu.