Dawa ya magugu kwenye mfereji na bwawa la umwagiliaji: inafaa, au tunajitafutia balaa?

MkiaWaMfereji aliandika:

Wakuu, salamu. Niko tambarare ya chini, Moshi Vijijini, tunalima mpunga. Mfereji wetu, kama mita 600, umezibwa na Typha (yale majani marefu yenye suke la kahawia kama mshikaki) kuanzia kigawa maji. Bwawa letu la kuhifadhia maji ya usiku, mita 40 kwa 25, robo tatu yake imefunikwa na gugumaji. Maji hayafiki mkiani.

Kwenye kikao limetolewa wazo tuchange, tununue glyphosate (dawa ya kuulia magugu) duka la pembejeo, tumalize kazi siku moja badala ya kuita msaragambo (kazi ya pamoja ya wanakijiji). Ila chini yetu kuna watu wanaochota maji ya nyumbani, kuna ng'ombe, kuna bustani za nyanya. Bwawani kuna perege na kambale.

Naomba wenye ujuzi mnisaidie: dawa gani, kipimo gani, maji yafungwe siku ngapi?

Afisa_Ugani_KLM alijibu:

Mkuu, umefanya jambo jema kuuliza kabla ya kununua.

Anza na lebo ya chupa. Glyphosate nyingi za madukani ni za shambani. Kiini chenyewe si kikali sana kwa samaki. Kinachowaumiza ni ile sabuni ya kunatishia dawa kwenye jani, hasa ya kundi la POEA: inashambulia matamvua ya samaki na inaua viluwiluwi. Zipo glyphosate zilizotengenezwa kwa matumizi ya majini, hazina sabuni hiyo, na lebo inatamka hivyo. Kama lebo inakataza kupuliza juu ya maji, usipulize, hata kama muuzaji anakuhakikishia haina neno. Usajili wa dawa uliza TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, makao yao makuu yako hapo Arusha.

Hata ukiipata ya majini, bado una kikwazo. Lebo za Marekani zinakataza kuipuliza kwenye maji yanayotembea ndani ya nusu maili, yaani kama mita 800, juu ya mahali panapochukuliwa maji ya kunywa. Kikomo chao kwa maji ya kunywa ni miligramu 0.7 kwa lita. Mfereji wako wote ni mita 600 na ndoo zinachota chini yake. Kwa hiyo swali la siku ngapi linajibika vibaya: huna namna ya kuwafungia wale watu maji, na hakuna wa kuwapimia.

Mwingine atakushauri 2,4-D, dawa nyingine ya magugu, kwa kuwa ni rahisi na mpunga unaivumilia. Tafadhali msiiguse. Nyanya, maharage na pamba zinaathirika kwa kiasi kidogo mno. Maji yenye 2,4-D yakiingia bustani ya jirani, vikonyo vinajisokota, majani mapya yanakuwa membamba kama kamba, na msimu wake umekwisha.

Kuhusu vibali, pitieni Bodi ya Maji Bonde la Pangani, ofisi iko Moshi. Kuchafua chanzo cha maji ni kosa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya 2009, na kosa halifutiki kwa sababu mlikubaliana kikaoni.

Perege_na_Sato alijibu:

Naongezea upande wa samaki, maana watu wanadhani sumu ndiyo inayoua peke yake.

Ukiua gugumaji lote la bwawa kwa mpigo, linazama na kuoza. Bakteria wanaoozesha wanakula oksijeni. Maji ya nyuzi 28 kwa mwinuko wa huko chini yakishiba kabisa hayabebi zaidi ya miligramu 7 hivi za oksijeni kwa lita, na chini ya zulia la gugumaji huwa tayari zimepungua. Utaona alfajiri perege wamepanda juu, midomo nje, wanahema. Kambale atadumu zaidi kwa sababu anaweza kuvuta hewa ya juu. Halafu ule uozo wote unabaki chini kama tope na mbolea, na gugumaji linalofuata linanawiri kuliko la kwanza.

Ndiyo maana hata panaporuhusiwa dawa, hutibiwa theluthi moja hadi nusu ya eneo, kisha unasubiri siku 10 hadi 14 kabla ya kuendelea, na unaanzia ukingoni ili samaki wapate pa kukimbilia.

FundiBanio alijibu:

Ndugu yangu, kazi yako ni mbili tofauti, usizitibu kama moja.

Gugumaji linaelea, halijashika chini. Kitu kinachoelea kinavutwa, hakihitaji sumu. Nyoosheni kamba nene yenye vipande vya mianzi au madumu matupu kutoka ukingo hadi ukingo, mlisogeze zulia upande mmoja, mlitoe kwa reki zenye meno marefu. Jiandaeni kwa uzito: mita moja ya mraba iliyoshonana inaweza kufika kilo 40 mbichi, na eneo lenu lina mita za mraba 750, yaani hadi tani 30. Zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi ni maji, kwa hiyo liacheni ukingoni lichuruzike siku mbili ndipo mlibebe. Lundo likae mahali ambapo mvua za masika hazitalirudisha bwawani, maana kijichipukizi kimoja kinatosha kuanza upya. Hali ya hewa ikiwa ya joto linajizidisha mara mbili ndani ya wiki moja hadi mbili, na mbegu zake zinakaa kwenye tope miaka 15 na zaidi. Kwa hiyo wekeni mtu wa kupita kila wiki na kutoa machipukizi. Hii ndiyo hatua ambayo vikundi vingi vinairuka, na baada ya miezi mitatu wanarudi mwanzo.

Typha ni habari nyingine. Kata shina moja ulitazame: ndani limejaa vijumba vya hewa kama sponji. Hiyo ndiyo njia ya kupumulia ya mashina yaliyolala kwenye tope. Pembeni mwa bwawa, kwenye maji yaliyotulia, fyeka chini ya uso wa maji, angalau sentimita 10, na mabua makavu pia, kwa sababu nayo yanapitisha hewa. Visiki vikibaki vimezama kwa wiki kadhaa, mashina ya chini yanakosa hewa na kuoza. Rudia machipukizi yakitokeza. Kina kikishuka visiki vikachungulia, kazi imepotea.

Mferejini hamuwezi kutunza kina hicho kwa sababu ya zamu za maji. Fungeni banio (mlango wa kuingizia maji) baada ya mavuno, mfereji ukauke, mchimbe. Mashina ni meupe, manene kama kidole gumba, na mengi yako ndani ya sentimita 30 za juu. Zoeni na tope lote. Typha iliingia kwa sababu mchanga umepandisha sakafu na maji yanakwenda taratibu. Mkipuliza dawa mkaliacha lile tope, itaota tena palepale.

MkiaWaMfereji aliandika:

Nimewaelewa, asanteni sana. Msaragambo basi. Swali la mwisho: kwenye barabara ya ukaguzi, mbali na maji, kuna magugu tunataka kuyapuliza. Kipimo?

Afisa_Ugani_KLM alijibu:

Hapo sawa, ila acheni mita kadhaa kutoka ukingoni mfyeke kwa mkono, na msipulize upepo ukielekea mferejini wala mvua ikitarajiwa ndani ya saa sita.

Pima bomba lako kwanza. Weka maji matupu, pulizia mita 10 kwa 10 kwa mwendo wako wa kawaida, angalia umetumia lita ngapi. Tuseme 2.5. Basi bomba la lita 20 linatosha mita 800 za mraba. Lebo ikisema lita 4 kwa hekta, unaweka mililita 320 kwa bomba. Watu wengi wanakadiria kwa kifuniko, ndiyo maana majani yanageuka manjano kisha yanachipua.

Usichanganye kwa maji ya mferejini yenye tope. Glyphosate inang'ang'ania udongo na kupoteza nguvu kabla haijafika kwenye jani. Kama maji ni magumu, sabuni haitoi povu, tangulizeni mbolea ya SA (salfeti ya amonia) gramu 400 kwa bomba, ichujwe kwa kitambaa isizibe nozeli, ndipo dawa ifuate.

Bomba lisuuzwe mara tatu, na maji ya kusuuzia yapulizwe palepale kwenye magugu, si mferejini. Na mkiweza, bomba la dawa ya magugu liwe la kazi hiyo tu, lipakwe rangi, asije mtu akalichukua kwenda kupulizia nyanya zake.