Mrejesho: vyuo vya akiba kwa mwanafunzi wa tamthilia ya muziki

Wakuu, asanteni sana. Niliwauliza hivi: mpwa wangu, aliyemaliza S6 (kidato cha sita) hapa Kampala, aombe wapi iwapo vyuo vya tamthilia ya muziki (kuigiza kwa kuimba na kucheza) vya Marekani vitamkataa?

Kweli vimemkataa, tena kwenye mchujo wa video, ile unayojirekodi na kutuma kabla ya usaili. Vingi hutaka nyimbo mbili zinazotofautiana, sekunde 60 hadi 90 kila moja. Spika inayopiga ala ikiwa karibu na simu inayorekodi, ala humeza sauti. Isogezwe mbali, mwimbaji asimame karibu. Hili halikusemwa na yeyote!

Ushauri wa kuomba BA (shahada ya kwanza) ya tamthilia isiyo na usaili umezaa matunda nusu: chuo kimoja kimemkubali, ila msaada wa ada hautoshi.

Basi ameshika Makerere, Drama na Filamu. Muziki ni shahada nyingine pale, kwa hiyo mafunzo ya sauti atayatafuta nje ya ratiba. Angalieni pia sharti la principal pass (ufaulu wa somo kuu) mbili za UACE, mtihani wa kumaliza S6.

Aliyetaja TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, Tanzania, shukrani. Ipo kwenye akiba, na cheti cha UACE kitahitaji ulinganifu wa NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania) kwanza.