Tupeane uzoefu: gari la kasi, tairi za joto na baridi ya bara

Mwenye STI, Nyali:

Ndugu zangu mlioko Mombasa na mlioko mbali, nawasalimu. Naufungua uzi huu kwa jambo ambalo sisi tuliolelewa pwani hatulijui mpaka litukute njiani, nalo ni tairi kupoteza mshiko kwa sababu ya baridi peke yake, si kwa mvua, si kwa matope wala si kwa tairi kuwa kipara. Mji wetu ni nadra kupata baridi kali hata usiku wa Julai kusi inapovuma, kwa hivyo tairi tulizo nazo huweza kuzeeka na kutupwa bila kuonja baridi hata siku moja.

Gari langu ni Subaru Impreza WRX STI ya mwaka 2011, na wakati huo lilikuwa limevaa tairi za kipimo cha 245/40R18, za aina ile laini mno, inayokaribia tairi za uwanja wa mashindano ingawa inaruhusiwa barabarani. Kampuni siitaji, kwa kuwa tairi haikuwa na kosa lolote. Hapa nyumbani zilinata kwenye lami kana kwamba zimepakwa gundi, na adhuhuri ukizibonyeza kwa ukucha, alama ya ukucha hubaki kwa muda kabla ya raba kujaa tena.

Mwezi wa Julai tulikuwa na harusi Eldoret, safari ya karibu kilomita 800, na usiku wa pili nililala Timboroa kwa shemeji yangu. Wasiopajua wafahamu kwamba kituo cha reli cha Timboroa kiko zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari. Niliwasha gari saa kumi na moja na nusu alfajiri, na kipimajoto kilionyesha nyuzi 6. Niliinama nikaigusa lami kwa kiganja kwa sababu nilihofia umande, nikaikuta kavu. Hilo nalisisitiza, maana kila niliyemsimulia aliniuliza kuhusu mvua kwanza.

Nilikwenda kama kilomita 3 kwa mwendo wa upole. Kwenye kona ya kushoto inayoteremka nilikuwa na kasi ya 70, kasi ambayo gari hilo huichukulia kama matembezi, nikakanyaga mafuta kidogo na tabo, kile kifaa cha kuongeza nguvu ya injini, ikaamka. Pua ilikataa kuingia kona. Usukani ulikuwa mwepesi mikononi mwangu kama usio na kitu upande wa pili, gari likaendelea mbele kuuelekea mstari wa katikati, na lori lililokuwa likipanda likawasha taa zote. Niliachia mafuta, nikarudisha usukani kidogo badala ya kuuongeza, na mshiko ukarudi tukiwa tumeukanyaga mstari. Mke wangu hakusema neno mpaka Burnt Forest.

Niliposimama niliibonyeza tairi ya mbele kwa ukucha. Ilikuwa ngumu kama kwato, na ukucha haukuacha alama yoyote. Saa nne, tukiwa Eldoret na jua limepanda, niliijaribu tena tairi ileile, na alama ikabaki. Tangu siku hiyo nimetaka kujua ni nani mwingine amekutwa na hali hii, na alifanya nini.

Mpenda Evo, Kizingo:

Pole sana, kaka, na tumshukuru Mungu kwa salama yenu. Nauliza kwa nia njema: je, haikuwa upepo wa tairi kupungua? Nina Lancer Evolution IX, na mimi huamini kwamba baridi hupunguza upepo wa tairi. Huenda ulipanda Timboroa ukiwa na tairi zilizolegea.

Mwalimu wa Fizikia, Tudor:

Swali la ndugu yangu wa Kizingo ni zuri, na jibu lake linastahili hesabu kamili, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapopotea. Ni kweli kwamba hewa iliyofungwa ndani ya tairi hupungua mgandamizo inapopoa. Lakini kipimo cha upepo hakipimi mgandamizo wote. Kinapima tofauti kati ya hewa ya ndani na hewa ya nje, na hewa ya nje nayo hupungua kadiri unavyopanda mlima.

Tuseme alijaza pauni 33 Mombasa kukiwa na nyuzi 31. Ukijumlisha hewa ya nje ya usawa wa bahari, ambayo ni pauni 14.7, mgandamizo wote wa ndani ni pauni 47.7. Ukiishusha hewa hiyo hadi nyuzi 6 inabaki karibu pauni 43.8. Sasa kwenye mwinuko wa mita 2,700 hewa ya nje ni pauni 10.5 hivi, na ukiitoa unapata pauni 33 na kidogo. Baridi ilimpunguzia karibu pauni 4 na mlima ukamrudishia karibu zilezile, kwa hivyo kama angepima alfajiri ile angesoma takriban kile alichosoma nyumbani, akaridhika, na bado angeteleza.

Kilichobadilika ni raba yenyewe. Raba hushika lami kwa kujipenyeza katika vishimo vidogo vya kokoto, na ili ijipenyeze ni lazima iwe laini kwa kiasi fulani. Kila mchanganyiko wa raba una kiwango chake cha joto ambapo huanza kugeuka mgumu, na mchanganyiko wa tairi za joto, yaani zilizoundwa kwa majira ya joto, hugeuka mapema zaidi kuliko ule wa tairi za baridi, zilizoundwa kwa majira ya baridi. Hukumu hutegemea joto la lami na la tairi, na gari lililolala nje usiku kucha huanza safari likiwa na vyote viwili vimepoa.

Mwana wa Likoni, Hamburg:

Aliyoyasema mwalimu nimeyaishi. Niko Ujerumani mwaka wa 9 sasa, nafanya kazi bandarini, na nilinunua Golf R nikiwa na furaha ya mtu aliyeitamani tangu akiwa Likoni. Ilikuja na tairi za joto za 235/35R19. Watu wa huku wana kauli fupi kwamba tairi za baridi huvaliwa kuanzia Oktoba hadi Pasaka, na mafundi hutaja nyuzi 7 kama mpaka ambapo tairi za joto huanza kupungua nguvu. Mimi niliona Novemba hakuna theluji, nikasubiri.

Asubuhi moja ya nyuzi 3, barabara kavu, kijana wa baiskeli alijitokeza mbele ya gari lililokuwa mbele yangu. Gari lile, dogo na la kawaida kabisa, lilifunga breki likasimama. Langu, lenye breki kubwa mara mbili, liliendelea kusogea huku kanyagio likitetemeka chini ya mguu wangu, likaja kusimama umbali wa kiganja kutoka bampa lake. Dereva alishuka, hakuniangalia mimi, aliangalia tairi zangu, akatikisa kichwa na kurudi ndani.

Ninachotaka mwenzangu wa Nyali akizingatie ni hiki: gari lake na langu yote yanaendeshwa na magurudumu manne, na mfumo huo hutupa imani isiyo na msingi. Husaidia kuondoka, kwa kuwa nguvu inagawanywa. Kwenye kusimama hausaidii chochote, maana kila gari, liwe la elfu mbili au la milioni kumi, hufunga breki kwa magurudumu manne.

Kuhusu sheria, tangu 2010 Ujerumani imetaja wazi kwamba kwenye barafu au theluji ni lazima uwe na tairi zinazofaa, na tangu Oktoba 2024 inayohesabiwa ni ile yenye alama ya mlima wa vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Herufi za M+S (matope na theluji) peke yake hazitoshi tena.

Fundi wa Tairi, Changamwe:

Alama hiyo ya mlima naiona kila wiki hapa hapa Changamwe, na nashukuru imetajwa, kwa sababu mimi nina kisa cha upande wa pili. Magari mengi yaliyotumika yanayoshuka bandarini kutoka Japani huja na tairi ambazo mwenyewe wa kwanza alizivaa kwa ajili ya theluji. Ubavuni utakuta limechongwa neno STUDLESS, yaani tairi ya theluji isiyo na misumari, na mara nyingi herufi ya kasi ni Q, yaani mwisho wake ni kilomita 160 kwa saa, wakati gari lenyewe liliundwa kuvaa W, ambayo ni 270.

Mteja wangu mmoja alitoa Subaru Legacy ya tabo bandarini, akazipenda tairi zake kwa kuwa zilikuwa kimya na zina meno marefu, akanikataza nisizibadilishe. Meno ya tairi za aina hiyo yamekatwa mikato myembamba kama kurasa za kitabu, ili yaume barafu. Juu ya lami yetu ya adhuhuri kurasa hizo hulala upande mmoja na kusugana. Baada ya miezi 4 alirudi akilalamika kwamba gari linayumba likipita 100 na kwamba kwenye mvua ya Aprili lilikataa kushika breki akiwa Kibarani. Niliipitisha mkono tairi ya mbele: kingo za meno zilikuwa zimechanika na kuacha chembechembe kama za kifutio cha mwanafunzi. Raba iliyotengenezwa kubaki laini kwenye barafu hapa kwetu huwa laini kupita kiasi.

Kwa hiyo nawaomba, kabla ya kutoa pesa, someni ubavu wa tairi. Angalieni pia tarakimu 4 za tarehe, mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Raba iliyozeeka hukakamaa hata bila baridi, na ikikutana na baridi ndiyo basi.

Mama Zuhura, Montreal:

Nasalimu kutoka kwenye baridi yenyewe. Katika mkoa huu wa Quebec tairi za baridi ni lazima kisheria kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi, kwa hivyo gari la kasi la mume wangu hulala gereji msimu mzima likiwa na tairi zake za joto. Januari moja alilisukuma nje mita chache tu ili apate nafasi ya kufagia, kukiwa na nyuzi 18 chini ya sifuri. Aprili tulipozitazama tairi, tuliona nyufa nyembamba zimekatiza meno, zimejipanga kama nyufa za udongo mkavu wa kisima. Muuzaji alikataa kuzibadilisha, na alikuwa na haki, kwa kuwa watengenezaji wa tairi hizo za kasi huonya kwa maandishi kwamba zisiviringishwe wala zisibebeshwe uzito kwenye baridi kali, kwani raba inaweza kupasuka. Dola 1,400 zilikwenda kwa mita zisizofika kumi. Hilo halitawakuta Timboroa, lakini linaonyesha raba ileile huishia wapi ukizidi kuishusha joto.

Mwenye STI, Nyali:

Nawashukuru wote, na hasa mwalimu kwa hesabu ile, maana nakiri kwamba kwa miezi mingi nilijilaumu kwa kutopima upepo.

Niliyoyafanya baada ya hapo ni haya. Tairi zile laini nimezibakisha kwa matumizi ya hapa pwani. Kwa safari za bara nilinunua rimu za pili za inchi 17 na tairi za kawaida za misimu yote, ambazo kwenye kona za Nyali ni wazi zinalegea mapema zaidi, na nimelikubali hilo. Nimejaribu pia ile desturi ya kuyumbisha gari kushoto na kulia ili tairi zipate moto, na sikuona faida yoyote. Kilichosaidia ni kwenda kwa upole dakika 20 za mwanzo, bila kukanyaga tabo kabisa.

Agosti tunapanda tena kwa ajili ya aqiqa ya mtoto wa shemeji, tutalala nyumba ileile, na nitaliegesha gari palepale. Nitaamka saa kumi na moja, nitasoma kipimajoto, nitaibonyeza tairi kwa ukucha kabla sijawasha gari, na nitaandika hapa nilichokiona. Mwenye Evo wa Kizingo, kama ratiba yako inaruhusu, tungefuatana, wewe na tairi zako za sasa na mimi na hizi, tupime pamoja alfajiri hiyo.