Sigaa mpya zikae sandukuni muda gani?

Swali: Nimepata sigaa (sigara nene za majani matupu ya tumbaku) 20 zilizosokotwa kwa mkono. Niliwasha moja siku ileile zilipofika: ulimi ukawaka, na puani ikapanda harufu kali ya amonia. Nizisubiri miezi mingapi?

Jibu: Pole, ndugu. Amonia hiyo ni dalili kwamba tumbaku bado inachachuka. Zangu huzipumzisha wiki tatu baada ya safari, kisha naonja moja kila miezi mitatu na kuandika tarehe. Zenye majani meusi, mazito, nimeziweka hadi miaka miwili zikalainika vizuri mno. Nyepesi nilizozihifadhi hivyohivyo zilififia ladha, na iliniuma.

Jibu: Kabla ya kuhesabu miezi, angalia unyevu! Asilimia 65 hadi 70, joto nyuzi 18 hadi 21. Joto likizidi, mayai ya mdudu wa tumbaku huanguliwa. Mimi alinitobolea sanduku zima.

Mwulizaji: Kipima unyevu changu kinasoma 74.

Jibu: Kijaribu kwanza. Lowesha chumvi kidogo, iwe kama uji mzito, uifungie nacho kwenye mfuko usiopitisha hewa kwa saa 24. Kinatakiwa kusoma 75. Kikisoma pungufu, ongeza tofauti hiyo kila unapokisoma.