Wasifu wa Bibi

Kikundi cha familia, Jumanne usiku

Dada: Shikamooni wakubwa. Nimemaliza wasifu wa Bibi, ukurasa mmoja na nusu. Kuzaliwa, ubatizo, kipaimara, ndoa, watoto 6, miaka ya kwaya, kuugua, kulala katika Bwana. Naomba mpitie, asubuhi nampelekea mchungaji.

Baba Mkubwa: Marahaba mwanangu. Nimeusoma, tarehe zote ziko sawa. Mungu akubariki.

Baba Mdogo: Umekaa vizuri.

Binamu: Jamani mnisamehe. Nimeusoma mara mbili na Bibi simwoni humo. Huyu anaweza kuwa mama yeyote wa kanisani.

Dada: Ndiyo maana nimeuleta hapa. Tangu jana kila nikianza kumwandika yeye mwenyewe machozi yananizidi, narudi kwenye tarehe.

Shangazi: Pole mama. Si kazi ndogo hiyo.

Binamu: Sikulaumu dada, pole sana. Nawaza tu Dorkasi alivyofariki kule Yafa, Matendo 9. Wale wajane hawakumwambia Petro alikuwa na cheo gani. Walisimama wanalia, wanamwonyesha kanzu na nguo alizowashonea. Sisi tuna nini cha kuonyesha?

Mimi: Mimi nina Mathayo 1.

Baba Mdogo: Eleza.

Mimi: Macho yake yalipofifia mimi ndiye niliyekuwa namsomea kila jioni. Nilikuwa darasa la nne. Ile habari ya fulani akamzaa fulani ilikuwa inanichosha, nikawa naruka. Siku moja nikatoka kwa Boazi nikaangukia kwa Yese. Akasema, "Obedi yuko wapi?" Nikarudi. Akaniambia Ruthu aliacha kwao, akafuatana na mkwewe njia nzima, ndipo akapatikana huyo Obedi, nawe unamruka kwa sababu una usingizi? Kila jina hapo ni mtu, alinyonyeshwa, na yuko aliyemlilia.

Kitindamimba: Mimi alinisomesha Mambo ya Nyakati wa Kwanza, sura 9 za mwanzo, karibu zote majina matupu! Nikikosea kutamka ananirudisha taratibu, hakasiriki.

Mama: Sasa ndiyo naelewa sala zake. Niliolewa humu nina miaka 22. Usiku wangu wa kwanza katika nyumba yake nilimsikia chumba cha pili analitaja jina langu, kisha la baba yangu, kisha la mama yangu. Alikuwa amewaona mara moja tu. Wazazi wangu hawakuwa watu wa kanisa na hakuwahi kuniuliza habari hiyo hata siku moja. Aliwataja tu, miaka yote.

Kaka: Mimi huwa nasoma tu humu, leo niseme. Mnajua nina miaka mingi sijakanyaga kanisani. Bibi aliniambia neno moja, halafu hakulirudia tena: "Sikusukumi. Lakini orodha yangu siipunguzi."

Dada: Naandika yote haya. Endeleeni.

Baba Mkubwa: Kama tunamsema alivyokuwa, basi na ule ugomvi uingie.

Shangazi: Hapana kaka. Si siku ya mazishi.

Baba Mkubwa: Vijana hawaujui. Mama alikosana na mwanakwaya mwenzake, miezi minne hawasalimiani. Kosa lilikuwa la Mama, alimsema vibaya mbele ya watu. Ikafika Jumapili ya Meza ya Bwana. Akasimama kwenye mstari, alipokaribia mbele akatoka, akarudi hadi kwenye benchi alilokaa yule mama, akapiga magoti. Ni lile la Mathayo 5, acha sadaka yako mbele ya madhabahu, uende kwanza upatane na ndugu yako. Nilikuwa na miaka 12, nilitamani ardhi inimeze. Lakini imani ya Mama nilianza kuiamini siku ile.

Shangazi: Watu watashika kosa, magoti watayasahau.

Mama: Wifi, yule mama yu hai. Ndiye aliyekuwa anakuja kukupokea zamu ya kumuuguza Mama. Tumuulize yeye kwanza.

Shangazi: Hilo sawa. Akiridhia, nami naridhia.

Dada: Ngoja nimpigie.

Dada: Nimeongea naye. Amelia sana. Anasema tuseme, ila tuongeze kwamba hata yeye alikuwa na kosa, na kwamba alikuwa amekaa pale anaomba Bibi aje, kwa sababu yeye miguu ilikuwa imekataa kusimama.

Baba Mkubwa: Hilo sikulijua. Miaka yote hii.

Baba Mdogo: 🙏🏾

Shangazi: Basi na mimi niwaambie jambo ambalo nilikuwa nimelifungia moyoni. Miezi ya mwisho majina yalimtoka. Zaburi ya 121 aliisema yote, aya 8, bila kukwama. Lakini watoto wake alituchanganya, na mimi akawa ananiita dada. Usiku anaanza sala vizuri, akifika mahali pa majina ananyamaza. Ananyamaza mpaka nadhani amelala. Siku moja akanishika mkono akasema, "Nitajie." Nikaanza kumtajia mmoja mmoja, na kwa kila jina anasema, "Huyo, Bwana." Hakujua huyo ni nani. Ikawa hivyo kila usiku.

Shangazi: Usiku wa mwisho sauti haikutoka. Nikitaja, anabana kidole changu. Niliwataja wote 31. Alibana mara 31.

Mama: Wifi yangu. Na ulikuwa peke yako.

Kitindamimba: Siwezi kuandika kitu.

Binamu: Dada, tarehe zibaki, ila ziwe chache. Shangazi, utaturuhusu tuliseme hili?

Shangazi: Mseme. Ila msinitake nisome mimi, sitafika mwisho.

Baba Mkubwa: Nitasoma mimi. Na somo?

Mimi: Mathayo 1 aya ya 1 hadi ya 16. Nikipewa nafasi nitasoma mimi.

Baba Mkubwa: Umepewa. Polepole, jina kwa jina.

Dada: Nakaa nao sasa. Kabla ya alfajiri nitautuma tena hapa.

Kaka: Shangazi, kesho nitawahi kufika. Ile orodha alikuwa anaianza na nani? Naomba unitajie mpangilio wake, niuandike.

Shangazi: Njoo mwanangu. Ulikuwa wa tatu, baada ya baba yako.